Mfungo Wenye Maziwa

Nilifunga karibu mwezi mzima huku nikinywa ikivuguto, yale maziwa yetu ya mgando, asubuhi, mchana, na tena jua likianza kupoa. Kikombe kikubwa, kile cha bati. Na nilijiona mtakatifu.

Usinicheke upesi. Sisi tuliolelewa katika nyumba za Kinyarwanda, hata kama ni za ugenini kule Bujumbura kama yetu, tulijua kwamba chakula ni kile kinachokaa sahanini. Maziwa ni maziwa, hata yakigandishwa. Mgeni akipewa hasemi ameshiba, maana shibe haihusiki hapo. Kwa hiyo nesi wa kituo cha afya aliponiambia nile mara mbili tu kwa siku, na katikati nisile kitu, mimi sikula. Nilikunywa.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda. Mama yangu aliugua sukari hiyohiyo, akamaliza uzee wake akitutambua kwa sauti tu. Nesi alikuwa amenipa nafasi hii moja kabla ya vidonge.

Nikarudi kwake nimenyoosha shingo. Akanitoboa kidole, akatazama kipimo, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, unafunga kweli?"

"Kabisa! Mchana kutwa hakiingii kitu. Maziwa tu."

"Maziwa kiasi gani?"

"Ikivuguto kidogo." Nikaonyesha huo udogo kwa mikono miwili.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi hujafunga, umerudi kunyonya. Maji, mzee. Maji na chai isiyo na kitu. Ukiona kizunguzungu, kula, halafu uje."

Mke wangu alipopata habari alipiga makofi. "Kumbe! Nami nikidhani nimeolewa na mtu, kumbe nafuga ndama."

Ndipo nikafunga kweli. Mwanzoni kichwa kiligonga na nikamchukia kila aliyetafuna. Mimi ni mtu wa ndani. Sebule yangu naijua kama kobe anavyolijua gamba lake. Lakini nyumba yenye maharage motoni si mahali pa mwenye njaa. Harufu ilinifukuza. Nikawa natoka, nakipanda kilima chetu cha Kagugu polepole, bila safari yoyote.

Nako huko njaa ilipomaliza hasira zake, ikawa laini. Kila kitu kilikuwepo ila kimesogea mbali kidogo, kama bonde likiwa bado na ukungu. Pikipiki zilipita na sauti zao zikanifikia baadaye. Mikaratusi ilinukia mpaka nikahisi naila. Siku moja nilisimama mbele ya ukuta wenye maua ya zambarau, nikayatazama sijui kwa muda gani, tumbo limenyamaza, mwili mwepesi kama nguo iliyokauka. Mlinzi wa pale akatoka taratibu.

"Mzee, unatafuta nyumba ya kupanga?"

"Hapana, nimefunga."

Akarudi ndani akafunga geti.

Usiku nililala bila kukoroma. Mke wangu anasema ukimya huo ulimwamsha, akanigusa pua kuhakikisha bado napumua. Suruali nayo ikaanza kuniaga kiunoni.

Nilipokwenda tena kupimwa, nilifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Nesi akasoma kipimo.

"Imeshuka. Vidonge vitangoja. Lakini usilegee."

Nikatoka nje, nikasimama. Mlima wa ng'ambo ulikuwa na jua, nami nikazitazama nyumba zake moja moja, bati kwa bati, kwa macho yangu mwenyewe. Sikuwa na haraka.

Nyumbani nilimkuta jirani yetu mpya akianika nguo kwenye ua wake. Nikaegemea uzio, nikaanza kuhubiri: mfungo unapumzisha tumbo, unashusha sukari, unaleta usingizi. Akabana kibanio cha mwisho.

"Na ile kupanda kilima kila mchana?"

"Aa, ile nilikuwa nakimbia harufu ya maharage tu."

Akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Muzee, njaa imekusaidia, sawa, lakini miguu pia iko na kazi yake: tangu tuhamie hapa mimi sikukuona nje hata siku moja mpaka ulipoanza huo mfungo, nilikuwa nafikiri huyu mama wa kwako iko mjane."