Sahani Zilizompita Shangazi

"Hakuna sahani yenye ufa itakayonipita mimi, hata mkinifunga macho." Shangazi aliyasema hayo mbele ya wafanyakazi wote wa ghala la vyombo, siku ya kumuaga mhasibu, na wakampigia makofi.

Alikuwa mkaguzi pale kwa miaka kumi na tisa. Anainua sahani karibu na sikio la kulia, anaigonga kwa kijiko, anasikiliza. Nzima hulia mpaka mwisho. Yenye ufa hukwaruza kidogo tu sauti inapokatika, na mkwaruzo huo ndio ulionilipia karo ya diploma niliyoiacha katikati.

Kisha wateja wakaanza kurudisha maboksi. Sahani zina nyufa. Shangazi akamshuku Kamba, mfungashaji anayekaa kushoto kwake na utepe wake wa gundi unaolia kraaa kutwa.

"Mimi napitisha nzima, yeye anaingiza mbovu," aliniambia. "Na siku hizi ananong'ona. Wote wananong'ona."

Bosi akasema Ijumaa Kamba aondoke. Kamba ana mapacha wa miezi mitatu.

Mimi nilikuwa nimeona majimaji yaliyotoka sikioni kwenye mto wa kulalia wa shangazi. Nikamkokota kwa daktari wa masikio.

"Na wewe Kamba amekuhonga?" aliniuliza njiani.

Daktari akamulika sikio la kulia. "Mama, ngoma ya sikio hili ina tundu. Ulichokonoa na nini?"

"Sijachokonoa."

"Njiti ya kiberiti," nikasema.

"Mnafiki wewe."

Daktari akaeleza kwamba ngoma iliyotoboka haitetemeki vizuri: sauti kubwa zinaingia, ndogo zinapotea njiani. Shangazi akamtazama kama muuza simu za wizi. Daktari akagonga chuma chenye meno mawili, akakisimamisha katikati ya paji la uso wa shangazi.

"Unasikia upande gani zaidi?"

"Kulia." Akanigeukia. "Umeona? Analoliita bovu ndilo linalosikia zaidi. Simama twende."

"Ndiyo dalili yenyewe. Hapo sauti imepita kwenye mfupa, haikuihitaji ngoma, na sikio lisilopata kelele za nje huisikia zaidi." Akakigonga tena, akakigandamiza nyuma ya sikio lile la kulia mpaka shangazi aliposema sauti imekwisha, kisha akakisogeza mbele ya tundu la sikio. "Na sasa?"

"Kimya. Umekizima."

Daktari akakigonga upya, akakigandamiza nyuma ya sikio langu mpaka nikasema kimenyamaza, kisha akakiweka mbele yake. Kikalia tena, kwa muda mrefu. "Bado nakisikia," nikasema. Shangazi aliniangalia usoni, akaona sidanganyi.

"Lisiingiwe na maji, na njiti basi," daktari akasema. "Huenda likajiziba lenyewe."

Ijumaa Kamba alikuwa mlangoni kwa bosi, begi mkononi. Shangazi akampita, akaingia.

"Zilizorudi zote nilizipitisha mimi. Huyu hakugusa kitu."

Bosi akamhamishia shangazi meza ya risiti mpaka apone, Kamba akarudi kwenye maboksi yake. Mchana shangazi akamnunulia soda. Kamba akakagua kizibo, akaiinua chupa kwenye mwanga.

"Umetia nini humu?"

"Kunywa, baba."

"Anza wewe, mama."

Shangazi akapiga mafunda mawili. Kamba akasubiri kidogo, akimwangalia, ndipo akanywa. Soda hiyo ya msamaha ilikuwa shilingi elfu moja.