Baba Fides Ajifunza Kucheza

Shule ilipiga simu wakati Aloisi ndiyo kwanza anavua buti za kazini. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi, Louisville, Marekani, na asubuhi watu wanapoamka ndipo yeye hulala. Binti yake Fides, wa miaka sita, alikuwa amemng'ata mwalimu mkono na kupindua viti. Wazazi waje kumchukua.

Akavaa tena buti, akapanda basi kwa kuwa gari lilikuwa kwa mkewe. Alimkuta mtoto amejikunyata chini ya meza ya ofisi, ngumi amezikunja. Walipofika nyumbani, mtaa wa Beechmont, Aloisi alifanya kile baba yake alichomfanyia yeye kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila: alifoka, kisha akachomoa mkanda. Fides alimkazia macho bila kutoa hata chozi. Aloisi alijikuta anauweka mkanda chini, amejaa hofu asiyojua imetoka wapi.

Jioni mkewe, Veridiana, aliporudi kutoka kazi yake ya kutunza wazee, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Fides, ulimchapa mwezi uliopita. Juzi pia. Kimebadilika nini?"



Shule iliwaelekeza kwenye kliniki ya watoto. Kwa kuwa Veridiana alikuwa kazini mchana, zamu ikamwangukia Aloisi. Alipoelezwa kwamba tiba yenyewe ni yeye na binti yake kukaa chini wacheze, nusura ainuke aondoke. Amekwenda kutafuta daktari, anapewa midoli!

Lakini yule mtaalamu, mwanamke mpole wa makamo, alimuuliza swali moja ambalo hakuwahi kuulizwa na mtu: kabla hamjaja Marekani, Fides alimpenda nani kuliko wote?

Fides alilelewa na bibi yake. Yeye na Veridiana walishinda vibaruani, na mtoto akashinda mgongoni kwa bibi. Siku ya kuondoka kambini, bibi hakuwa na ruhusa ya kusafiri. Walimbandua mtoto shingoni mwa bibi, wakampandisha basi, na tangu hapo hakuna aliyemweleza lolote. Waliona ni mdogo, atasahau.

Tiba ikaanza. Ndani ya chumba kulikuwa na meza ndogo, matofali ya plastiki, na ukuta wa kioo. Aliye nje anaona ndani. Aliye ndani anajiona mwenyewe tu. Aloisi aliwekewa kifaa sikioni. Nje ya kioo mtaalamu alisema kwa Kiingereza, na Clémence, mkalimani Mkongomani, akayaleta maneno sikioni kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Hiyo rangi gani?" Aloisi alianza. "Weka hapa. Siyo hivyo, utaangusha."

"Papa Fides, hapana," Clémence akamkatiza. "Bon, leo mtoto ndiye chef, ndiye mukubwa. Usimuulize kitu, usimuongoze. Sema tu vile anafanya."

"Anajenga nyumba," Aloisi akasema, mkavu kama shahidi mahakamani.

"Très bien, muzuri sana. Sasa umusifu."

Hapo ulimi ukagoma. Katika maisha yake yote hakuna mkubwa aliyewahi kumsifu usoni. Alikokulia, mtoto akisifiwa husemekana anaharibiwa. Mwishowe akajaribu.

"Asante, Fides, kwa kuyaweka matofali taratibu."

Mtoto akasimamisha mkono. Akainua macho, akamtazama baba yake kana kwamba kuna mtu mgeni aliyeingia chumbani. Kisha akachagua tofali jekundu na kumnyooshea.

"Hili la kwako."

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri kabla ya kwenda kazini, Aloisi alikaa na binti yake kwenye zulia. Baadaye akafundishwa kutoa agizo: moja tu, kwa sauti ya kawaida, halafu asubiri, na akisema kitu akitimize bila kufoka. Haikuwa mteremko. Kuna siku Fides alimtemea mate dukani mbele ya watu, na mkono wa Aloisi ukainuka wenyewe. Aliuingiza mfukoni.

Kiangazi kilipofika, kaka yake mkubwa Gaudiosi, anayeishi Buffalo, aliwaita kwenye harusi ya bintiye Liberati. Wakaondoka alfajiri kwa gari lao. Walipopumzika njiani, mjini Columbus, kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, Fides aliuliza huku akitafuna chipsi:

"Bibi atakuwepo kwenye harusi?"

Veridiana akageuka upande. Aloisi akachuchumaa mlangoni mwa gari.

"Hapana, mwanangu. Bibi yuko kambini. Hawakumruhusu kuja nasi. Siyo kwamba alikukataa, wala wewe hukufanya kosa lolote."

Midomo ya mtoto ikaanza kucheza.

"Unamkumbuka sana," Aloisi akasema. "Hata mimi namkumbuka. Ni mama yangu."

Fides alilia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka mitatu, na Aloisi akamkumbatia pale pale, magari yakiwapita.

Ukumbi wa Buffalo, jirani na Grant Street, ulikuwa umefurika. Ngoma zilipoanza, Fides aliziba masikio. Kisha akaivamia meza ya vinywaji, na chupa za soda zikaporomoka sakafuni. Ukumbi wote ukageuka. Gaudiosi akaja, mkono kwenye mkanda.

"Mdogo wangu, huyu mtoto umewaachia Wazungu wakulelee? Nipe mimi."

"Kaka, niachie. Ni wangu."

Aloisi akapiga magoti katikati ya soda, ndani ya suti yake mpya.

"Ngoma zina kelele kubwa. Zimekuogopesha. Twende nje tuvute hewa."

Walivuta hewa pamoja barazani, polepole, kama walivyofundishwa kliniki. Alipoona mabega ya mtoto yameshuka, akamwambia, "Sasa tunarudi. Utaokota chupa pamoja nami."

Fides aliutazama mlango. Aloisi akasubiri. Ndani walikuwa wanawachungulia, na alijua wanasema nini, lakini akasubiri.

Mtoto akaingia. Akainama, akaokota chupa moja baada ya nyingine mbele ya umati wote.

"Asante, mwanangu. Umefanya jambo gumu."

Akaenda mwenyewe hadi kwa bibi harusi. "Nisamehe, dada." Liberati akamshika mkono, akamwingiza kwenye mstari wa wachezaji. Fides akanyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe, kwa mtindo wa ngoma za kwao, akakanyaga chini kwa mdundo, na vigelegele vikapasua ukumbi. Veridiana alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka. Aloisi alisimama na suruali iliyolowa, akicheka kama mtu aliyepata mtoto siku hiyo.

Asubuhi, kwenye chai, Gaudiosi alisogeza kiti.

"Nieleze ulivyofanya. Huyu wangu wa mwisho ananishinda."

"Kwanza shuka kwenye kiti, kaka. Haifundishwi ukiwa umekaa juu."

Siku hizi, kila Jumamosi, kanisa lao la Beechmont humpa Aloisi chumba cha chini, naye huketi na akina baba wenzake na watoto wao, akiwafundisha kucheza. Juzi Medard, pande la mtu afanyaye kazi ya kubeba friji kiwandani, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, akimsifia binti yake mnara wa matofali kwa sauti iliyosikika mpaka kituo cha basi.