Tulipima Gome, Hatukupima Supu

Mti wenyewe sitautaja jina. Nawajua watu wangu: nikiutaja leo, kesho kuna mtu atakuwa ameubambua magome na kuyainjika jikoni, na keshokutwa atakuwa anawauzia wengine. Itoshe kusema kwamba unaota nyika za Mbeere, huko chini Kiritiri na Siakago, na kwamba gome lake lilipandishwa hadi kwetu Kanyakine likiwa limefungwa mafungu, likauzwa sokoni kando ya ndizi. Ni chungu kushinda mwarobaini. Wanaume wa kwetu walilinywa kwa ajili ya magoti na mgongo, na baba yangu alikuwa na magoti mabaya.

Katikati ya miaka ya tisini niliajiriwa kwenye maabara moja mjini Embu, mimi na shahada yangu ya kemia ambayo mama alikuwa ameitundika ukutani juu ya redio. Mkuu wetu tulimwita Daktari. Hakuwa daktari wa kutibu mtu. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu, na aliupata ng'ambo, jambo ambalo hakutuacha tulisahau hata siku moja. Alikuwa Mmeru kama mimi, mzaliwa wa kilima cha pili kutoka kwetu. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia kwa Kimeru. Aliniangalia kama niliyemmwagia chai kwenye shati, akajibu, "Good morning." Nikaelewa kwamba lugha yetu ilipaswa kubaki nje ya geti pamoja na mbwa wa mlinzi.

Maabara yenyewe usiidhanie makuu. Mizani ilikuwa sahihi siku ambazo hakuna aliyebamiza mlango. Mtambo wa kuvukizia ulikuwa umeharibika kabla sijafika, basi tulivukiza vimiminika vyetu juu ya sufuria ya maji moto kama watu wanaoyeyusha sabuni. Umeme ulipopotea, na ulipotea hasa tulipouhitaji, tulitoka nje kuota jua. Lakini Daktari alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, na wafadhili walipokuja kutukagua alitembea mbele yao kana kwamba zile kuta zilizobanduka rangi zilikuwa za ikulu. Mimi nilibeba funguo nyuma yake, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kazi tuliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza. Watu wanakunywa gome hili: je, linatuliza uvimbe, na je, linadhuru? Tulilikausha kivulini, tukalisaga, tukalichemsha kwa maji safi, tukachuja na kuvukiza mpaka ukabaki unga wa kahawia. Unga huo ndio tuliowanywesha panya weupe kwa mrija mwembamba, baada ya kuwadunga sindano ya kuvimbisha vidole vya miguu.

Kwenye mkutano wa kwanza niliinua mkono. Nikasema kwetu hakuna anayelichemsha gome lile kwa maji matupu. Anachinjwa mbuzi, kichwa, kwato na mifupa vinaingia kwenye sufuria kubwa, gome linatiwa humo humo, na vyote vinatokota pamoja mpaka mafuta yanaelea juu. Supu ile inapekechwa ikatoa povu, ndipo inanywewa. Ukimpa mzee wa kwetu gome la maji matupu atakuuliza kama unamtibu yeye au unamtibu ndama. Nikaongeza, kama mtu wa kemia, kwamba kuna vitu ambavyo havitoki kwenye mmea kwa maji hata ukichemsha mwaka mzima, ila vikikutana na mafuta vinatoka mbio. Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza.

"Madam," Daktari akasema, "hapa tunapima dawa. Hatupimi mbuzi."

Chumba kizima kilicheka, hata yule aliyekuja tu kuleta chai.

Nilimjua Daktari. Si kwamba hakuielewa kemia. Aliielewa kuliko mimi. Ilikuwa aibu tu. Wafadhili wangesoma kwamba dawa hii huandaliwa kwa kichwa cha mbuzi, naye alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuikimbia harufu ya kichwa cha mbuzi. Basi mbuzi akafutwa. Ripoti ikasema wenyeji huchemsha gome, ikaishia hapo.

Panya wetu walikunywa yale maji ya gome wakanenepa. Uvimbe ulipungua kidogo, kiasi kwamba anayetaka kuona ataona. Hakuna panya aliyekufa, na tulipowapasua, maini yao yalikuwa mekundu na laini kama inavyopaswa. Daktari alifurahi mno. Dawa isiyofanya kitu haiwezi kuua, na hilo halihitaji kusomea ng'ambo, lakini yeye aliliandika kurasa na kurasa, na picha za vidole vyake vikiwa vimeshika chupa.

Kisha wafadhili wakataka wananchi waelezwe matokeo. Ukaitishwa mkutano Kanyakine, kwenye uwanja wa shule. Chifu alikuwepo na fimbo yake, pasta akafungua kwa maombi marefu, kina mama wakaimba. Baba yangu aliketi mstari wa mbele akiwa amevaa koti la Jumapili, kwa sababu mwanawe alikuwa miongoni mwa hao waliokuja na gari. Nilimwona akiwaonyesha majirani kwa kidevu mahali nilipokaa.

Daktari akasimama, na nusura nianguke kwenye kiti. Alizungumza Kimeru. Tena si kile cha kubabaisha. Kimeru cha ndani, chenye methali na mizaha ya wazee, Kimeru alichokuwa amekifungia mahali miaka yote hiyo kikakaa kama asali. Uwanja ukayeyuka. Akasema dawa ya baba zetu imepimwa kwa mashine. Akasema ni salama. Akasema wanywe bila hofu. Watu wakapiga makofi, na baba akageuka kunitafuta, uso umemjaa furaha ambayo sikuwahi kumpa, hata siku ya mahafali.

Mashine! Ile mizani inayoogopa mlango?

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria siku ile, si chifu wala Daktari, ni kwamba watu wetu hawakuwahi kunywa gome lile kila siku. Wangelinywaje? Lilihitaji mbuzi, na mbuzi alichinjwa Krismasi, au wakwe walipokuja, au kijana wa jirani alipotoka jandoni. Umaskini ndio uliokuwa kipimo chetu. Lakini sasa dawa ilikuwa salama, na magoti ya baba yalikuwa yanauma kila asubuhi, si Krismasi peke yake. Akaanza kununua mafuta na mifupa kwenye bucha. Akanunua thamosi. Mama aliniambia kwamba alikuwa anakunywa kikombe anapoamka na kingine kabla ya kulala, na kwamba magoti yalikuwa kweli yamepata nafuu, alikuwa akitembea hadi shambani bila mkongojo.

Nilienda nyumbani Pasaka. Baba alikuwa ameketi nje juani, amekonda, anajikuna mikono. Aliponitazama niliona weupe wa macho yake umekuwa wa manjano, kama kiini cha yai la kienyeji. Akaniuliza mbona namkodolea macho. Nikamwambia nimechoka na safari.

Nilirudi Embu nikiwa na jambo moja tu kichwani. Daktari alikuwa Mombasa kwenye semina, huko ambako semina zetu zote zilikuwa zikifanyika kwa sababu wanasayansi hufikiri vizuri wakiwa karibu na bwawa la kuogelea. Nikanunua mafuta ya mbuzi kwenye bucha, nikayayeyusha kwenye chombo cha kioo, nikatia gome na kulitokosa kama baba alivyokuwa akilitokosa. Harufu ya supu ilijaa maabara nzima. Mlinzi alikuja na kikombe chake, na ilibidi nimfukuze.

Panya wengine niliwapa mafuta matupu, wengine mafuta yaliyotokoswa na gome. Wale wa mafuta matupu waliendelea na maisha yao. Wale wengine walivimba kidogo vidole vilevile vya sindano, kisha uvimbe ukashuka vizuri kuliko tulivyowahi kuona, na kwa muda mfupi nikaona fahari, Mungu anisamehe. Halafu manyoya yao yakasimama. Wakajikunyata pembeni, wakakataa chakula, wakaanza kufa. Nilipowapasua, maini yao yalikuwa ya manjano na yenye madoa, yakimeguka chini ya kisu.

Daktari aliporudi nilimpelekea maini yale kwenye chupa ofisini kwake. Aliyatazama. Aliyatazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo angeyatazama mtu asiyeamini anachokiona. Kisha akaisukuma chupa kwa kidole kimoja kuelekea kwangu.

"This is not pharmacology," akasema. "Huu ni upishi."

"Daktari, baba yangu anakunywa hiki kitu kila siku. Macho yake yamekuwa yellow."

"Mwambie apunguze mafuta. Mafuta ni mbaya kwa moyo."

"Tunaweza kurudi Kanyakine tuwaambie watu? Hata wewe peke yako. Wewe ndiye waliyekusikia."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyeombwa avue suruali sokoni. "Nirudi nikawaambie nini? That I forgot a goat?" Akaniambia matokeo yameshakubaliwa kuchapishwa, wafadhili wameridhika, na kwamba mimi sikufuata utaratibu, nilitumia panya wa serikali kupika supu. Nikaichukua chupa yangu nikatoka. Nilimdharau, na bado naona dharau ile haikumtosha.

Nilienda Kanyakine siku iliyofuata bila kuomba ruhusa. Nilimweleza baba kila kitu: maji, mafuta, panya, maini. Alisikiliza kwa adabu, akiwa amekumbatia thamosi yake kama mtoto mchanga.

"Mwanangu," akasema, "panya ni panya."

"Baba, yule mtu hakupima hii supu. Alipima maji."

"Alisimama pale shuleni. Alituambia salama."

"Alikosea."

"Alituambia kwa Kimeru," baba akasema. "Angekuwa anatudanganya angetumia Kizungu, kama wengine."

Nilipandwa na hasira nikaimwaga thamosi ile yote chini ya mgomba, mbele yake. Hakunigombeza. Alingoja niondoke, akaenda kunywa kwa jirani. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu; wakampima damu, wakamkataza dawa zote za kienyeji, naye akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Mama akaitupa sufuria. Baba akanunua nyingine. Nilimkasirikia baba yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, isipokuwa mmoja, na nilimpenda wakati huohuo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomsaidia. Aliacha supu pale tu aliposhindwa kuimeza. Tumbo lilijaa maji, akaanza kutuita kwa majina ya ndugu zake waliokufa, na mvua za Oktoba zilipoanza tulikuwa tayari tumemlaza kwenye sanduku.

Majirani waliomwona akiisha waliacha gome wenyewe. Hawakusubiri ripoti.

Daktari alikuja kwenye mazishi. Alikuja na gari la ofisi na shada kubwa kuliko la kanisa, akaketishwa mbele, karibu na mama. Alipopewa nafasi ya kusema alisimama akafunga kifungo cha koti, nami nikangoja nisikie. Alisema kwa Kiingereza. "A great loss to this community," alisema, na "a true friend of science," naye pasta akatafsiri sentensi moja baada ya nyingine kwa ajili ya watu ambao mtu yule alikuwa ameongea nao mwaka uliopita mpaka wakacheka na kulia. Nyuma yangu mzee mmoja akanong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Niligeuka nikamwambia kwamba sikio hili lilisikia dawa vizuri mno, ndiyo maana tuko hapa. Alinishangaa, akahamia kiti kingine.

Tulipotoka kaburini wageni walikaribishwa chini ya turubai. Ulipikwa wali na njugu, na kwa wageni wa heshima ikaletwa supu ya mifupa ya mbuzi kwenye vikombe, moto, mafuta yakiwa yanaelea juu. Daktari akapewa chake. Hakunywa. Alikizungusha kile kikombe mkononi, akachungulia ndani, akainusa supu kama mtu anayenusa chupa ya maabara isiyo na lebo. Kisha akamwinamia mama yangu, na kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, akamuuliza kwa Kimeru, kile Kimeru chake kizuri:

"Mama, nisamehe. Humu hamkutia gome?"

Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama udongo uliokuwa bado kwenye viatu vyake.

"Aliyekuwa akitia," akasema, "ndiye tumetoka kumfukia."

Ndipo akanywa.