Michezo ya Sataranji Ambayo Baba Hajaicheza

Leo kompyuta imembishia baba.

Baba alijifunza sataranji utotoni, huku Mbozi, enzi za Mwingereza. Ndiye aliyemfundisha mama. Tangu mama afariki, hagusi ubao.

"Michezo yote nilishaimaliza na mama yako," husema.

Nikatamani kujua kama ni kweli. Leo nikaiambia kompyuta ihesabu michezo yote inayowezekana, baba akiwa pembeni yangu.

Kila upande ukicheza mara moja tu, kuna njia mia nne.
Mara mbili, karibu laki mbili.
Mara tatu, zaidi ya milioni mia moja.

Nikaiacha iendelee. Chai ikapoa, bado inahesabu.

Baba akauliza taratibu, "Kwa hiyo mimi na mama yako tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza?"

Nikaisukuma kompyuta pembeni.

Akauvuta ubao. "Panga kete, mwanangu."

Lile swali lake, nyie mngemjibu nini?