Kopo Iko

Mama aliniambia asubuhi ile, bila kuzunguka: "Uende na mujomba yako. Kama macho yake ilikwisha, bunduki itatoka mu hii nyumba." Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa mstaafu wa reli na mwindaji mwenye kibali, na bunduki ile aliipenda kuliko baadhi yetu. Mimi nilitumwa kuwa shahidi. Kazi hiyo niliichukia tangu mwanzo, maana mkubwa wako akishindwa mbele yako, hasahau.

Tulizipita nyumba mpya za mtaa wa Ruashi, pembeni mwa mji, hadi shambani. Alilisimamisha kopo la rangi, jeupe, mbele ya kichuguu kirefu kuliko mtu. "Bulongo itameza masasi," alisema, akaupigapiga kwa kiganja ule udongo utakaozuia risasi. Tukarudi nyuma hatua mia moja.

Kigoda chake cha kulengea alikitengeneza mwenyewe: miti mitatu iliyofungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Mguu mmoja aliuelekeza kwenye kopo, miwili akaivuta upande wake, katikati akaning'iniza mfuko wa mchanga ili kisitikisike. Akaketi chini, akalaza bunduki juu ya kigoda.

"Mwipwa, hapana kuikamata nguvu. Iache ilale. Toa pumuzi nusu, ngoja, njo unafinya pole," alinifundisha, jicho lake likiwa kwenye bunduki.

Tatizo ni kwamba akishalenga haoni kitu kingine ila ule weupe wa kopo. Kwa hiyo mimi nilishika darubini, na kabla ya kila risasi aliniuliza kama kopo liko peke yake: "Iko?" Nikijibu "Iko," alitoa pumzi nusu, akangoja, akafinya kifyatulio. Hakuniangalia hata mara moja. Sikupenda alivyoniamini.

Risasi mbili, matundu mawili, yamegusana. Nilifurahi nikampiga begani kama rika langu, naye akanitolea jicho. Kwa mbali mgodi ukalipua miamba, ardhi ikatetemeka chini yetu. Watu wa huko wamezoea. Mlio mmoja zaidi haumshtui mtu.

Akajaza ya tatu. "Iko?"

Nikaweka darubini machoni. Ubavuni mwa kichuguu, kule uyoga unakoota wakati wa mvua, kilitokea kitambaa cha kichwani cha kahawia, halafu mgongo. Mama mmoja alikuwa anachuma uyoga, ameinama, anasogea taratibu, na kichwa chake kikafika juu tu ya kopo, penye njia ya risasi.

Shuleni walitufundisha: mtu yuko, kopo liko. Tulicheka, tukasema hayo ni maringo ya watu wa pwani, sisi kwetu kila kitu ni iko. Nilitaka kusema "Iko muntu!" Neno la kwanza likatoka. La pili halikutoka.

"Iko," nilisema.

Nikamsikia akitoa pumzi nusu.

Wazee husema heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili: niliupiga teke mguu wa mbele wa kigoda, bunduki ikaruka, risasi ikachana majani ya mti juu ya kichwa cha yule mama. Mjomba akageuka kunitukana. Kisha akaona ninakotazama, akaishusha bunduki.

Yule mama akainuka, uyoga umejaa kwenye upindo wa nguo yake. Akalitazama kopo, akatutazama, akaja kwetu anatabasamu.

"Ile ya mwisho ilikosa, papa. Pole. Siku ingine utaipata," alimwambia Mjomba kwa heshima.

Mjomba alimshukuru. Mimi nilikwenda kulichukua kopo, nikalitia ndani ya mfuko nilioubeba.

Njiani nilimwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu akaniambia ninyamaze. Nyumbani Mama alitusubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Sasa? Macho iko namna gani?"

Nikafungua mdomo. Mjomba akaniwahi.

"Ilikwisha," alisema. "Kamata bunduki, dada."

Mama akaipokea, akanigeukia mimi, shahidi wake. Kopo lilikuwa ndani ya mfuko wangu, na matundu yake mawili yaliyogusana. Nikaitikia kwa kichwa.