Hamira ya Mama Ndani ya Chupa za Maabara

"Redio amezimwa," ananong'ona mfanyakazi mmoja mlangoni, na wenzake wanacheka chinichini.

Ni saa mbili asubuhi. Anayeitwa Redio ni binti wa miaka ishirini na sita, na utani huo hawezi kuujibu hata angetaka. Ameketi mbele ya kabati la kioo linalopuliza hewa safi, barakoa imempanda hadi chini ya macho, nywele zote zimefichwa ndani ya kofia ya kitambaa. Mkono wa kulia umeshika koleo ndogo, wa kushoto chupa.

Anapitisha koleo kwenye moto wa spiriti. Anafungua chupa. Ndani, juu ya jeli, kimesimama kichipukizi cha mgomba kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Anakitoa, anakikata vipande vitatu kwa kijembe, anapandikiza kila kipande kwenye chupa yake, anafunga. Kisha moto tena, chupa tena. Muda mrefu unapita na hajatoa hata neno moja.

Hii ndiyo kazi aliyoisomea. Kutoka kwenye kichipukizi kimoja safi, baada ya miezi kadhaa, maabara hii hupata mamia ya miche isiyo na ugonjwa, na miche hiyo huenda kwa wakulima ambao migomba yao imekauka kwa mnyauko.

Ukimkuta nje wakati wa chai, ndipo unapoelewa jina la utani lilitoka wapi. Anaongea kwa mikono, kwa macho, kwa mabega.

"Naitwa Redio tangu darasa la kwanza," anasema. "Mwalimu alikuwa ananihamisha dawati kila mara, na kila nilipohamishiwa, kelele zikahamia huko. Sasa angalia nilivyopatikana, nimepewa kazi ya kufunga mdomo!"

Kufunga mdomo si adabu tu. Mate yana vimelea, na jeli ile ya chupa ni tamu kwa kila kimelea kama ilivyo tamu kwa mgomba. Chupa ikiingiwa, ndani ya siku chache inachafuka na kipando kinaoza. Hakuna dawa ya kuiokoa. Inatupwa.

Alisoma bioteknolojia chuo kikuu kwa miaka minne, na nyumbani kwao hakuna aliyejua ni mnyama gani. Mjomba wake alisikia tu "teknolojia", akamletea simu iliyopasuka kioo.

"Nilimwambia mjomba, mimi nashughulika na viumbe hai. Akanitazama weee, akasema basi nimtibie mbuzi," anasema na kucheka hadi chai inamwagika.

Aliyemwelewa mapema ni mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mkate. Mama huyo huoka mikate kwenye tanuri la nyuma ya nyumba na kuiuza madukani. Siku moja akiwa likizo, binti alimweleza kwamba hamira ni kiumbe hai, kinakula sukari ya unga na kutoa hewa inayoumua mkate. Kumtumia kiumbe hai akufanyie kazi, alimwambia, ndiyo bioteknolojia yenyewe.

"Mama aliniangalia kwa jicho la pembeni. Akasema, 'Kumbe nakulipia ada ukasome ninachokifanya kila siku?'"

Darasani mwao chuoni walihitimu arobaini na mmoja. Mmoja anapima maziwa kiwandani, mwingine anasoma sampuli za damu hospitalini. Yupo aliye kwenye kiwanda cha chanjo za mifugo, na mmoja analinganisha vinasaba kwa ajili ya kesi za mahakamani, huyo ndiye wanayemwonea wivu. Lakini wapo pia wanaouza bima na wanaouza simu, na wapo ambao wameacha kupokea simu za wenzao kwa sababu swali la kwanza ni lile lile, umepata?

Redio mwenyewe alikaa miaka miwili bila kazi. Aliamka alfajiri kumkandia mama yake unga, maana vifundo vya mikono ya mama vilikuwa vimeanza kuvimba na beseni lilikuwa linamshinda. Alituma maombi ya kazi hadi akazoea kutojibiwa.

Hatimaye maabara hii ilimpokea kwa majaribio ya miezi sita. Mama alifurahi kupita kiasi. Kila asubuhi, wakishamaliza kukanda pamoja, binti alioga, akavaa, akaja kuaga jikoni. Mama aliacha unga, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwombea, ndipo akamwachia aende.

"Nilikuwa natoka nyumbani na alama za vidole usoni," anasema. "Nilizifuta njiani kwa leso. Sikuwahi kuziwazia."

Mwezi wa tatu wa majaribio, alipokabidhiwa kabati lake mwenyewe, chupa zake zikaanza kuharibika. Kwenye jeli palitokea utando mweupe mzito kama maziwa. Chupa za wenzake zilikuwa safi. Kila chupa ina alama ya aliyeipandikiza, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha. Hapa zikiharibika tano kwa mia, watu wanakunja uso. Zake zilifika thelathini.

Msimamizi wa maabara ni mwanamume wa makamo ambaye vijana wanamwita Bosi Spiriti, kwa kuwa hupulizia spiriti kila kitu kilicho mbele yake, kikiwamo kiti anachokalia. Alimwita pembeni. Hakupiga kelele.

"Binti, tatizo ni huo mdomo," alimwambia. "Mkataba wako unaisha baada ya miezi mitatu. Chupa zikiendelea hivi, sitakuwa na la kukutetea."

Wote walikubali ni mdomo. Hata yeye mwenyewe alikubali. Basi akaamua kunyamaza kabisa, si kwenye kabati tu, bali kuanzia anapoingia getini mpaka anapotoka. Wakati wa chai alikaa peke yake. Akisalimiwa, alipunga mkono.

"Nilijikaza kisabuni. Wenzangu walidhani nimefiwa," anasema. "Mlinzi aliniletea pole."

Chupa zikaendelea kuharibika.

Anapofika hapa kwenye simulizi yake, sauti inashuka. Anasema alilia chooni, kwa sababu alikuwa ametoa kitu pekee alichojua kuwa ni chake, na hakikusaidia lolote. Alijua akirudi nyumbani bila kazi, mama hatamlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Ndipo akakumbuka alichofundishwa mwaka wa pili. Kabla hujamtuhumu mtu, mpime. Akachukua sahani ndogo zenye jeli, akaanza kujichunguza. Sahani moja aliikoholea. Nyingine aligusisha mikono ya koti lake. Ya tatu akagandamiza kofia yake upande wa ndani, na ya nne akagusisha shavu. Akazifunika, akaziacha kwenye joto.

Baada ya siku mbili, sahani aliyoikoholea na ile ya koti hazikuwa na utando ule. Sahani za kofia na shavu zilijaa vidoti vyeupe, vizito, vya mviringo. Alifunua kidogo, akasogeza pua.

"Nilinusa," anasema. "Ilinukia jikoni kwetu. Nikajua ni mama."

Ilikuwa hamira. Ilikaa kwenye nywele na usoni kila alfajiri, ikasafiri naye hadi kazini, na kila alipoinamia chupa, ilidondoka.

Angeweza kunyamaza, akatafuta njia ya kujisafisha kimyakimya. Lakini alibeba sahani zake hadi mezani kwa Bosi Spiriti na kumweleza kila kitu, pamoja na mashavu.

"Miaka yote hii napigana na ukungu na bakteria," anakumbuka msimamizi huyo. "Siku hiyo nikaletewa mkate. Nilimwambia, basi mdomo wako nauomba radhi." Akampa muda uliobaki athibitishe.

Kwa bosi ilikuwa rahisi. Nyumbani ndiko roho ilikokuwa mkononi.

Alimweleza mama yake siku ya mapumziko, mchana, baada ya kula. Alisema hawezi tena kukanda alfajiri, wala kuingia jikoni kabla ya kwenda kazini. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye uchafu wa ofisi yenu?" aliuliza.

"Si wewe, mama. Ni hamira."

"Hamira hiyo hiyo ndiyo iliyokusomesha."

Akainuka, akaondoa vyombo. Kwa karibu wiki mbili aliamka na kukanda peke yake. Binti alimsikia kupitia ukutani, akiguna kila alipogeuza donge la unga. Vifundo vikavimba, mikate ikatoka midogo, na mwenye duka mmoja akaanza kulalamika. Binti alilala akisikiliza huku moyo unamuuma. Kuacha kazi kungemrudishia mama mikono yake. Kubaki kazini kungewatoa wote wawili kwenye beseni siku moja, lakini siku hiyo ilikuwa mbali.

Jioni moja alitoka kazini, akaingia jikoni moja kwa moja, akalivuta beseni.

"Unga wa jioni utachacha mpaka alfajiri," mama alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza refu.

"Tutapunguza hamira, maji yawe ya baridi, iumuke polepole. Mama, nimesomea hiki kitu miaka minne. Niache nikitumie nyumbani hata mara moja."

Mama akamwacha, shingo upande. Msomi akapima, akakanda, akafunika, akaenda kuoga kwa kujiamini. Hakuwa amefikiria kwamba jiko linalopakana na tanuri halipoi hata moto ukizimwa. Mama alipoamka, donge lilikuwa limevuka beseni, limeteremka mezani na kuanza safari ya kwenda mlangoni.

"Alicheka mpaka akakaa chini," anasema Redio. "Aliniita nije nione degrii yangu inavyotoroka. Sikuingia. Nilisimama kizingitini, na mimi nikacheka. Hapo nikajua tumepatana."

Siku zilizofuata walipunguza hamira zaidi, na beseni likahamishiwa kwenye ukumbi wa mbele. Mama alikuwa hakimu wa harufu na ulaini, binti akashika vipimo. Siku hizi binti anakanda jioni, anaosha nywele, na nguo za kazini anaziacha kazini. Asubuhi anatokea mlango wa mbele. Aliyeweka sheria kali kuliko hata Bosi Spiriti ni mama mwenyewe, kwani binti akielekea jikoni tu, anafukuzwa kwa mwiko.

Chupa zikawa safi. Mwisho wa miezi sita zilizoharibika zilikuwa tatu kwa mia, na mkataba wa kudumu ukasainiwa. Mshahara wake haumtajirishi, lakini umelipia matibabu ya mikono ya mama, na mama sasa anaoka tu, hakandi.

Kuna jambo moja halijarekebishika. Asubuhi, mama husimama kwenye dirisha la jikoni na kumpungia mkono mwanawe anapokatiza barabara. Anaomba dua yake kwa mbali. Hamgusi.

Jioni mwandishi wa makala haya anapofika nyumbani kwao, mama anapanga mikate ya mwisho ya siku hiyo. Binti anaingia, anaamkia, anainamisha kichwa bila kuambiwa. Mama anaacha kila kitu na kumshika mashavu kwa mikono yenye unga. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko salamu ya kawaida, na hakuna anayeona haya.

Redio ana mpango. Anataka kurudi chuoni asomee uchachushaji, kisha afanye kazi kwenye kiwanda cha hamira, au siku moja aanzishe chake. Tayari ameomba ufadhili, na safari hii amejibiwa kwamba maombi yake yanazingatiwa.

"Nataka kazi ambayo nikifika na unga wa mama usoni, hakuna atakayenirudisha nikanawe," anasema, alama nyeupe za vidole zikiwa bado mashavuni.

Mama anarudi kwenye mikate yake. Anageuza mmoja, anaugonga chini kusikiliza kama umeiva.

"Basi fanya haraka, mwanangu," anasema bila kugeuka. "Jioni naziweza. Asubuhi ndizo zinazonishinda."