Borafya Alipokadiria Nyumba ya Bi Kazija

Mume wangu Borafya Mcha, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi, na katika miaka yote niliyoishi naye sikumwona akikadiria nyumba kwa karatasi. Alikadiria nyumba kwa nyumba. Ukimwonyesha kiwanja alikizunguka, akatafuta kichwani nyumba aliyokwisha kuijenga yenye ukubwa ule, kisha akasema, "Hii ni nyumba ya Usi, ongeza ukumbi wa Kificho." Mawe, chokaa, boriti na siku za mafundi, vyote alivitoa humo humo. Bei alikwenda kuziuliza upya sokoni Darajani, maana hakuwa mjinga. Nilikuwa nikimcheka kwamba hata mimi aliniposa baada ya kumwona dada yangu, akakadiria.

Mwaka 1958 Bi Kazija, mjane wa mtaani kwetu Mkunazini, aliuza mikarafuu yake yote ili ajenge upya gofu la nyumba aliloachiwa na mumewe. Alikuwa amechoka kulala kwa shemeji. Borafya akamwambia, "Hii nshaijenga, Bi Kazija. Nyumba ya Shamsi tupu. Ulichouzia mikarafuu kitatosha, na masika yatakukuta ndani."

Nyumba ya Shamsi! Ilijengwa kabla ya vita vya Hitla, nami nilikuwapo, bibi harusi wa juzi juzi. Chokaa na kokoto zilipomwagwa juu ya boriti, wanawake wa mtaa mzima tulipanda na magongo yetu kupigilia dari, ambayo ndiyo paa lenyewe. Tuliimba tangu asubuhi, magongo yakishuka pamoja, mpaka dari ikashikana ikawa jiwe moja. Hakulipwa mtu, tulikula wali wa Shamsi tukashuka tukicheka. Jamani, raha ile sijaipata tena. Na kwa kuwa hakulipwa mtu, Borafya hakututia katika hesabu.

Nyumba ya Bi Kazija ilikwenda vizuri mpaka kwenye boriti. Kuta ziliisha siku aliyoisema, chokaa ikatosha. Ndipo akapeleka habari mtaani kwamba kesho dari inapigiliwa. Lakini ule ulikuwa mwaka wa siasa. Watu hawakununua kwenye duka la asiye wa chama chao, na hata mazikoni walibaguana. Mwanaasha, jirani wa ukuta mmoja na Bi Kazija, aliyeimba nami juu ya dari ya Shamsi, alinambia usoni, "Mie siendi kuimba na wale." Wa upande wa pili wakasema hivyo hivyo. Kukodi vibarua Bi Kazija hakuweza, maana mikarafuu yote ilikwishaingia kutani.

Nilikasirika, nikapita nyumba hadi nyumba nikiwatia haya. Mwisho wakakubali kwa sharti: hawa wapigilie nusu ya dari asubuhi, wale nusu iliyobaki jioni. Borafya alijua kuwa chokaa haitaki hivyo, hutaka ipigiliwe yote kwa pamoja ingali mbichi. Akatazama mawingu, akakubali.

Masika yalipoingia, dari ilivuja katikati, pale nusu mbili zilipokutana, juu ya kitanda cha Bi Kazija. Borafya akaziba, pakafumuka, akaziba tena. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya bibi yule, kichwa chini. Nilimwonea huruma mume wangu.

"Nisamehe, Bi Kazija," alikuwa akisema. "Hesabu yangu ilikuwa ya watu wengine."

Bi Kazija akalisogeza kwa mguu beseni la kukingia matone.

"Watu ni hao hao, fundi."